Marais Wawili wa Mfongo wa Kisanja

Jumatatu, 3 Januari

Kwa masikitiko makubwa, wananchi wote wa kihamba hiki wanatangaziwa kwamba leo saa moja na nusu asubuhi kitufe cha kuongezea sauti ya redio ya Basili kimedondoka ndani ya sufuria ya mtori. Juhudi za uokoaji zilifanyika kwa kutumia mwiko. Kitufe kimepatikana kikiwa hai. Mke wa Basili, Bi. Zita, amekataa kuzungumza na waandishi wa habari.

Habari nyingine, ndogo tu: mfongo wetu una marais wawili.

Nieleze, maana nikija kusoma daftari hili uzeeni nitadhani niliandika nikiwa nimelewa. Mfongo wa Kisanja ni mfereji. Unatoka mtoni kule juu karibu na msitu, unashuka kihamba kwa kihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Mwaka Tanganyika ilipopata Rais, wazee wetu waliona aibu kuongozwa na mwenyekiti kama kilabu cha pombe, wakachagua Rais wao. Tangu hapo tuna Rais, makamu, katiba ya kurasa nne na katibu. Katibu ni mimi, Basili. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nina mwandiko mzuri na magoti mabovu. Niliongoza wageni mlimani miaka kumi na tisa, mpaka siku Mholanzi mmoja wa miaka sitini na nane aliponipokea begi langu, akanishika mkono, tukashuka taratibu. Wapagazi bado wanalisimulia jambo hilo.

Rais wetu, Mzee Efraimu, alifariki Novemba. Katiba inasema makamu atakalia kiti mpaka muda uishe. Makamu ni Elisaria. Lakini inasema pia kwamba theluthi mbili ya waliochimba msaragambo (kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji) wa mwaka huo kwa mikono yao wakitia saini, uchaguzi ufanyike. Basi tarehe 28 Desemba, wakati watoto wote wa Dar na Arusha wamerudi nyumbani kula Krismasi, saini zikapatikana, uchaguzi ukafanyika kwenye hoteli ambayo Ronald, mtoto wetu aliyeko Dar, ameijenga hapa, na aliyechaguliwa ni Ronald. Elisaria amekataa kuondoka. Ndiyo hivyo.


Jumatano, 5 Januari

Jua kali. Elisaria kafungua maji alfajiri. Ronald, akiwa Dar, kampigia simu msimamizi wake, yakafungwa saa nne. Elisaria kayafungua saa sita. Nimechoka kwa kutazama tu.


Jumanne, 11 Januari

Leo ilikuwa zamu ya Hellen na maji hayakufika. Hellen ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu Melkior, na kihamba chake ndicho cha mwisho kabisa kwenye mfongo. Ana miche ya kahawa elfu nne kwenye viriba vya plastiki, aliyoianzisha baada ya kumuuza ng'ombe wake. Masika ikianza, ataiuza kwa wakulima wa huku na wa Shirimatunda, na hiyo ndiyo ada ya wanawe na paa la nyumba. Mpaka masika ifike, kila Jumanne na Ijumaa lazima inywe.

Alikuja na ndoo tupu mkononi, akaniamkia kwa kunitazama kutoka juu mpaka chini.

"Shemeji, wewe ni katibu wa rais yupi?"

"Mimi ni katibu wa mfongo."

"Mfongo mkavu huo. Sasa katibu wa mfongo mkavu anaandika nini?"

Zita akacheka mpaka akakaa chini. Nimembebea Hellen ndoo nane kutoka bombani. Magoti yangu yanatuma salamu.

Niliandike hili kwa hasira zangu zote: sijali nani ni Rais. Wakae hata watatu. Lakini watu wazima wawili wanafungua na kufunga banio, lango la maji la mfongo, kama watoto wanaogombea mlango, na anayeumia ni mtu wa mwisho. Nimekasirika na Elisaria zaidi. Si aachie tu! Huyu mtu ni mzee wa usharika, na hata akiomba chumvi utadhani anasoma matangazo ya ibada. Ronald angalau anacheka na watu, na anajua kupanga mambo ya maji.


Alhamisi, 20 Januari

Elisaria amekwenda mjini kufungua kesi. Alitembea kwa miguu mpaka barabarani, koti begani, katiba kwenye mfuko wa nailoni. Nikamwambia kwa heshima ya mzee, "Meku, kesi ya mfereji?"

Akasema, "Si ya mfereji, Basili. Ni ya nani ana haki ya kuushika." Kisha akasema wakili hana, atajisemea mwenyewe.

Nilicheka. Niliporudi nyumbani nikawasimulia, nao wakacheka.


Jumatano, 26 Januari

Mahakama imetoa amri: zamu zibaki kama zilivyokuwa mpaka hukumu. Maji yamefika kwa Hellen. Ameniletea ndizi mbivu, nami nimekula kama vile amri niliitoa mimi.


Jumatano, 2 Februari

Hakuna kitu. Ng'ombe kakataa kukamuliwa.


Jumapili, 6 Februari

Baada ya misa Ronald, aliyepanda kutoka Dar kwa ajili ya kesi, alinishika bega mbele ya watu wote. "Katibu Mkuu!" Hivyo ndivyo anavyoniita. Wengine wananiita Basili Magoti. Akaniambia nimeitwa kuwa shahidi, pamoja na daftari la msaragambo, lile ninaloandikia majina ya waliochimba. "Wala usihangaike. Soma tu kilichoandikwa."

Njiani Zita kanyamaza. Akinyamaza mimi huongea, basi nikaongea mpaka nyumbani. Nilisema Ronald ni kijana wetu, amejenga kwao wakati wengine wanajenga mjini, Pasua na Njoro, na kusahau njia ya kurudi. Nilisema atatuletea mabomba ya kisasa.

"Kutoka wapi kwenda wapi?" akauliza Zita.

"Nini?"

"Hayo mabomba."

Sikujua. Nikasema mvua inakaribia. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani.


Alhamisi, 17 Februari

Mahakamani. Suti yangu ya harusi ilikubali kufungwa kifungo kimoja. Chumba kilikuwa kidogo, kina feni moja inayozunguka kwa kufikiria kwanza. Hakimu ni mama wa makamo, miwani puani, hacheki. Upande mmoja Ronald na wakili wake mwenye viatu vinavyong'aa. Upande wa pili Elisaria peke yake na mfuko wake wa nailoni. Hellen alikuja pia, akakaa benchi la nyuma.

Niliapa. Wakili akanionyesha daftari, akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ndiyo, na kwamba watu huusifu. Hakimu akaniambia nijibu nilichoulizwa. Wakili akauliza alama za vema mbele ya majina maana yake nini. Nikajibu. Akauliza ziko ngapi. Sitini na tatu. Akauliza kati ya waliotia saini ya kutaka uchaguzi ni wangapi wana alama hiyo. Arobaini na nne. Theluthi mbili ya sitini na tatu ni arobaini na mbili, hiyo hata ndama wangu anaijua.

Kisha Elisaria akasimama kuniuliza. Hakuwa na karatasi.

"Basili. Daftari la zamani, alilokuwa nalo marehemu Efraimu kabla yako, lilikuwa na alama mbili. Vema na duara. Ni kweli?"

"Kweli."

"Hili lako lina vema peke yake. Duara zimekwenda wapi?"

"Hilo ni daftari jipya," nikasema. "Na utaratibu mpya."

"Nani aliupitisha huo utaratibu?"

Watu walicheka kidogo, nadhani kwa sababu ya suti yangu. Nikasema ni mambo ya kiofisi. Akasema, "Mheshimiwa, sina swali zaidi." Akakaa.

Nilijibu yote niliyoulizwa. Nilikunywa chai stendi, maandazi mawili. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno.


Ijumaa, 18 Februari

Joto. Sikulala vizuri, nadhani ni yale maandazi.


Jumanne, 1 Machi

Watu wote shingo zimepinda wakitazama mlima. Wingu linakuja mpaka begani mwa mlima, linageuka. Hellen amepunguza maji kwa kila kiriba. Anamwagilia kwa kopo la maziwa alilolitoboa matundu chini, mche kwa mche, elfu nne. Nilimsaidia safu tatu nikaomba kupumzika. Akasema, "Pumzika shemeji. Miche itakusubiri." Haikuwa sifa.


Alhamisi, 10 Machi

Hukumu.

Hakimu alisoma kwa dakika arobaini. Alisema katiba ya mfongo, ingawa ina kurasa nne na imechapwa kwa mashine isiyo na herufi r, ni katiba, na lazima iheshimiwe. Alisema makamu alikuwa na haki ya kukalia kiti siku ile Rais alipofariki. Elisaria akanyanyua kichwa. Kisha akasema haki hiyo ilikuwa na kikomo, na kikomo ni saini za theluthi mbili ya waliochimba kwa mikono yao. Nani walichimba? Mahakama haikuwepo. Mahakama inalo daftari, na ushahidi wa katibu aliyelitunza, ambaye hakutikiswa. Kwa hiyo uchaguzi wa tarehe 28 Desemba ulikuwa halali, na Rais wa Mfongo wa Kisanja ni Ronald. Kukata rufaa, siku thelathini.

Ambaye hakutikiswa! Mimi huyu.

Wakili alinipa mkono. Ronald akanikumbatia, suti ikapasuka mgongoni, sauti ikasikika chumba kizima. Hata Hakimu alinyanyua macho.

Elisaria alikunja katiba yake mara nne, akaiweka mfukoni. Alipopita karibu nami nilisema, "Pole, meku." Hakujibu. Yule mtu anayejibu hata salamu za kuku.

Huko hotelini walichinja mbuzi wawili. Nilikwenda. Nilikaa nusu saa. Nyama ilikuwa ngumu.


Jumanne, 15 Machi

Haya, Zita alitaka kujua mabomba yanatoka wapi kwenda wapi. Sasa anajua. Yanatoka banioni yanakwenda hotelini. Wamechimba siku nne kwa mashine, bomba la inchi nne, kuna bwawa la kuogelea linajengwa pale chini ya migomba ya babu yake Ronald mwenyewe. Tangazo limebandikwa kwenye duka la Martha: kwa amri ya Rais, upande wa chini utapata maji siku moja kila baada ya wiki mbili, "mpaka hali ya mvua itakapotengemaa." Limegongwa muhuri. Wametengeneza muhuri!

Watu wa kuogelea! Huku mama zetu wanachota kwa kopo! Nilikwenda mpaka hotelini, nikamkuta Ronald anakunywa chai barazani.

"Katibu Mkuu, karibu."

"Ronald, zamu ya Hellen ni leo."

"Nimeiona. Lakini mkubwa, tuwe wakweli. Wageni wakija, ajira zitakuja. Huyo shemeji yako tutampa kazi ya kufua mashuka."

"Ana miche elfu nne."

"Miche." Alitabasamu, si kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma, si kwa ubaya. "Mahakama imeshasema, Basili. Wewe mwenyewe ndiye shahidi wetu namba moja."

Nimeshuka nikitukana kwa Kichagga, maana Kiswahili hakikutosha. Nimemtukana Ronald, nimemtukana wakili na viatu vyake, nimemtukana hakimu anayeamini daftari kuliko macho. Nimewatukana jirani zangu waliokula mbuzi. Nilipofika kwenye mbuzi nikanyamaza, kwa sababu nami nilikula.


Jumapili, 20 Machi

Hakuna mvua. Elisaria hakuwa mtu wa kuchosha kama nilivyoandika huko nyuma. Jana nilimwona amebeba madumu mawili kwa mti begani, akishuka kwa Hellen. Ana miaka sitini na sita. Hakumwambia mtu yeyote.


Jumatano, 23 Machi

Joto. Mlima haujaonekana siku sita. Nimebeba ndoo kumi.


Jumanne, 29 Machi

Zamu mpya ya Hellen ilikuwa leo. Maji yalifika saa tisa alasiri, unene wa kidole gumba, yakaisha saa kumi. Nilikuwepo. Alikimbia na kopo lake safu hadi safu, mimi na Zita na ndoo nyuma yake. Miche ya upande wa barabara ilikuwa tayari imekunja majani, ya kahawia pembeni, ukishika yanavunjika kama karatasi. Hellen alikuwa akimwagilia hata ile.

"Mama, hiyo imekwisha," Zita akamwambia polepole.

"Najua."

"Sasa unaimwagilia ya nini?"

"Nitaanza kuchagua saa hizi? Nikianza kuchagua nitakaa chini."

Tulihesabu jioni: miche elfu mbili na mia sita imekufa. Hellen aliosha mikono, akatutengea ndizi, akatutaka tule. Wakati naondoka akanisindikiza mpaka kwenye isale, mmea wetu wa mpakani.

"Shemeji, nikuulize. Siku ile mahakamani nilikaa nyuma, sikusikia vizuri. Yule wakili alipokuuliza ile alama maana yake nini, ulijibu nini?"

Nikasema, "Kulikuwa na feni. Hata mimi sikujisikia."

Nikasema usiku mwema. Ilikuwa bado jua.


Jumatatu, 4 Aprili

Mvua ya kwanza. Ya kutosha kulowesha vumbi na kumchelewesha kila mtu.


Jumatano, 6 Aprili

Leo asubuhi nilimwambia Zita. Alikuwa akikamua, hakugeuka. "Nilijua," akasema. "Unapoandika mambo ya chai na maandazi huwa umeficha kitu. Mimi nasoma hilo daftari lako, Baba Doris, usijifanye hujui."

Kisha nilikwenda kwa Hellen. Nilianza kusema, akanyanyua mkono uliojaa udongo.

"Usiniambie mimi. Mimi sina kesi. Mwambie mwenye kesi, na siku zinaisha."

Ni kweli. Siku thelathini za rufaa zinaisha Jumamosi. Nikaenda kwa Elisaria. Alikuwa anafunga banda. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Alipomaliza kusikiliza akauliza, "Unajua uliapa?"

"Najua."

"Unajua wanaweza kukufunga?"

"Najua, meku."

"Shikamoo hujanipa."

"Shikamoo."

"Marahaba. Nenda kaandike yote kwenye daftari lako leo hii, uje nalo kesho asubuhi twende mjini. Nakufahamu, Basili. Usipoandika, kesho utaamka na hadithi nyingine, na itakuwa nzuri kuliko hii."

Basi naandika. Hapa hakuna mzaha.

Msaragambo ulikuwa tarehe 14 na 15 Agosti mwaka jana. Kwetu mtu asiyeweza kuja kuchimba hutuma debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, wachimbaji wanywe, naye hapotezi zamu yake ya maji. Hilo ni la tangu zamani na halina ubaya. Lakini katika daftari mtu aliyechimba kwa mikono yake hutiwa vema, na aliyetuma mbege hutiwa duara. Mwenye duara anapata maji. Hahesabiwi kwenye saini za kumwondoa makamu. Efraimu alinifundisha hivyo mwenyewe, mezani kwangu, na nilielewa.

Mwaka juzi, tuliposoma daftari mbele ya mkutano wa Krismasi, nilitamka "Ronald, duara," na watu wakacheka. Siku iliyofuata Ronald aliniita hotelini. Hakunipa hongo hata shilingi. Alinipa kiti kizuri na nyama ya kuchoma, akaniita Katibu Mkuu kwa mara ya kwanza. Alisema, "Hii duara inatufanya sisi wa mjini tuonekane wageni kwetu." Hakuniomba nifanye chochote. Mimi ndiye niliyesema, "Tutaiondoa." Nilinunua daftari jipya, na Agosti nikawatia wote vema, waliochimba na waliotuma. Nilijiona mtu muungwana sana.

Elisaria hakujua, maana Efraimu alikuwa mgonjwa na daftari nililitunza peke yangu. Saini zilipoanza kukusanywa Desemba niliona mara moja zitatosha kwa sababu ya nini. Nilinyamaza. Nilidhani ni mchezo wa wakubwa na utaisha Januari.

Tarehe 17 Februari, wakili aliponiuliza vema maana yake nini, nilijibu hivi: "Mheshimiwa, maana yake ni mtu aliyechimba kwa mikono yake." Nilisema kwa sauti kubwa. Sikutishwa na mtu. Ronald alikuwa ananitazama, na nilitaka aendelee kuniita alivyokuwa ananiita. Hakimu hakukosea. Alihukumu kwa nilichompa. Nimemtukana bure kwa majuma matatu.

Waliochimba kweli walikuwa thelathini na wanne. Kati yao waliotia saini ni kumi na sita. Theluthi mbili ingekuwa ishirini na tatu. Elisaria alikuwa Rais halali siku zote, tangu Novemba hadi leo ninavyoandika.

Waliotuma mbege walikuwa ishirini na wanane. Majina yao nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni, kila moja na duara yake.

Thelathini na nne na ishirini na nane ni sitini na mbili. Daftari lina vema sitini na tatu. Ya sitini na tatu ni yangu. Sikuchimba, na mbege sikutuma. Nilikaa kwenye jiwe kivulini nikaandika majina ya watu, nikajitia vema, na madebe yalipofika nilikuwa wa kwanza kuletewa kibuyu.